Mkutano wa kitaifa baada ya udikteta na vita: viti vigawanywe vipi visibaki kuwa pambo?

Mpembuzi
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Chukulia nchi ambayo mtawala wake wa miaka mingi ameondolewa kwa nguvu, Bunge limevunjwa, vikundi kadhaa vyenye silaha bado vimeshikilia maeneo yao, na theluthi ya wananchi hawako majumbani kwao. Serikali ya muda inataka mkutano wa kitaifa ndani ya miezi mitatu, kisha katiba ya mpito, kisha uchaguzi.

Rasimu niliyonayo inasema: wajumbe 400, wanawake asilimia 30, vijana asilimia 20, maamuzi yote kwa maridhiano, na waliokuwa wanachama wa chama tawala wasialikwe. Wafadhili wanaimba "ujumuishi" kila kikao, ila hakuna anayekuambia ibara yenyewe iandikweje. Wapi rasimu hii itapasuka?

KalamuNyekundu
Itapasukia kwenye hesabu, mkuu. Asilimia 30 ya 400 ni wanawake 120, asilimia 20 ni vijana 80, nawe unadhani umetenga nafasi 200. Kundi lenye ujanja litaleta wasichana 80, kila mmoja ahesabiwe mara mbili, litaongeza wanawake 40, basi. Nafasi 280 zinabaki kwa wazee walewale. Andika kwamba asilimia 30 inatumika ndani ya fungu la vijana na ndani ya fungu la wengine, kila fungu kivyake: wanawake 24 kati ya vijana 80, na 96 kati ya wale 320. Jumla ni ileile 120, ila mwanya umezibwa. Sharti hilo limbane kila anayeteua, lisiishie kwenye jumla ya ukumbi, maana vinginevyo kila kundi litasubiri mwenzake ndiye alete wanawake.

Halafu tazama nani anakaa namba moja. Tunisia mwaka 2011 ilidai orodha zote za wagombea zipishanishe mwanamke na mwanamume, na isiyofuata ikataliwe. Sheria ilifuatwa, lakini wanawake walioingia walikuwa 49 katika viti 217. Orodha nyingi ziliambulia kiti kimoja tu jimboni, na kinara wa orodha karibu kila mara alikuwa mwanamume. Kwa uchaguzi wa halmashauri wa 2018 wakaongeza sharti kuhusu vinara wenyewe, na wanawake wakapata karibu nusu ya viti. Kwako wewe hiyo maana yake ni wenyeviti wa kamati na, zaidi ya wote, kamati ya uandishi. Mjumbe asiyeiona rasimu hadi asubuhi ya kura ni mgeni mwalikwa tu.

Uteuzi nao unataka muda. Syria iliunda kamati ya maandalizi ya watu 7 tarehe 12 Februari 2025, na mkutano ukafanyika Damascus tarehe 25, ukaisha siku hiyohiyo. Mialiko mingine ilifika siku moja au mbili kabla, kwa hiyo waliokuwa ughaibuni walikosa hata nafasi ya kupanga safari. Wewe tenga wiki nne za hadidu za rejea na wiki sita za uteuzi, zikiwemo siku kumi za pingamizi. Wanawake, vijana na asasi za kiraia wajiteulie wenyewe. Mjumbe wa vijana aliyechaguliwa na kamanda ni mjumbe wa kamanda.

Mzee wa Akidi
Neno "maridhiano" lisilo na namba ni kuwakabidhi wote kura ya turufu, na wa kwanza kuitumia ni mwenye bunduki. Yemen ililiona hilo. Mkutano wao wa 2013 hadi Januari 2014 ulikuwa na wajumbe 565 katika vikundi kazi 9. Uamuzi ulihitaji kwanza asilimia 90 ya kikundi. Ukikwama unakwenda kamati ya maridhiano, unanyooshwa, unarudi kupigiwa kura kwa asilimia 75. Katika kikundi cha watu 40, raundi ya kwanza watu 5 wanatosha kuzuia, raundi ya pili wanahitajika 11. Walio wachache wanasikilizwa, lakini hawawezi kuuteka mkutano. Ngazi hiyo ningeinakili karibu neno kwa neno, nikiongeza kikomo cha siku kwa kila hatua, kwa kuwa wao walipanga miezi sita wakatumia kumi.

Ila someni na lilikofia lile zoezi. Idadi ya mikoa ya shirikisho haikuamuliwa ukumbini. Ilisukumwa kwa kamati ya watu 22 chini ya rais, na Februari 2014 ikatangaza mikoa sita. Saada, ngome ya kundi lenye silaha la Wahouthi, ikatiwa kwenye mkoa usio na bahari. Wahouthi wakaikataa ramani, na Septemba mwaka huohuo walikuwa ndani ya Sana'a. Yako mengine yaliyoivunja Yemen, lakini ukiacha kiporo cha mpaka au cha mafuta kiamuliwe baadaye na kamati ndogo, ujue umeahirisha mgogoro wenyewe.

Afrika Kusini, wakitoka kwenye ubaguzi wa rangi, walikwenda na "maridhiano ya kutosha". Kiutendaji, ANC ya Mandela na National Party iliyokuwa madarakani wakikubaliana, gari linaondoka. Wadogo walinung'unika, na Inkatha, chama cha Wazulu, ikasusa. Kilichowapa imani waliokuwa na hofu ya kuzidiwa kura ni kanuni 34 zilizofungwa kabla ya uchaguzi, na mahakama iliyopewa meno ya kuzilinda. Septemba 1996 Mahakama ya Katiba ilikataa kuithibitisha katiba iliyokuwa imeshapitishwa, ikarudishwa, ikarekebishwa, ikakubaliwa Desemba. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: yale yanayofungwa sasa (uraia, lugha, dini, ardhi za waliokimbia, amri juu ya jeshi), na yale yanayosubiri waliochaguliwa.

Binti Sheria
Hilo la kutoalika wanachama wote wa chama tawala, futa leo. Kwenye dola ya chama kimoja, kadi ndiyo iliyompa mwalimu ajira na muuguzi mshahara. Iraq, Mei 2003: Amri namba 1 ya utawala wa uvamizi ulioongozwa na Marekani iliwaondoa wa ngazi nne za juu za Baath, chama cha Saddam, na kwenye ngazi tatu za juu za uongozi wa kila wizara, hospitali na chuo ikamwondoa yeyote aliyekuwa mwanachama kamili. Wiki moja baadaye Amri namba 2 ikavunja jeshi. Walioondoka wakaondoka na ujuzi wa kuendesha nchi, na wengine na silaha.

Libya, Mei 2013, sheria ya kuwatenga ilipitishwa huku wanamgambo wakiwa wamezingira wizara. Ilikuwa pana kiasi kwamba spika wa Bunge, aliyemkimbia Gaddafi tangu 1980, alijiuzulu kwa sababu kabla ya hapo aliwahi kuwa balozi.

Andika hivi: kigezo ni tendo na nafasi, kwa mfano aliyeamuru, aliyetesa, aliyesimamia gereza la siri. Jopo lisikilize mtu mmoja mmoja, lionyeshe ushahidi, mwenye shauri apate siku 30 za kukata rufaa, na katazo liwe na mwaka wa kuisha.

Kigoda
Dada, nakubali kuhusu mwalimu na muuguzi. Lakini mwendesha jopo la mtu mmoja mmoja anahitaji mafaili, na mafaili ndiyo yanayochomwa wiki ya kwanza. Ibara isiyoanza na ulinzi wa nyaraka za usalama na za magereza (kufuli, orodha, walinzi kutoka pande zaidi ya moja) itaishia kuwasafisha wakubwa na kuwanasa makarani. Na jopo likiwa na kesi elfu kumi na majaji sita, waathirika watachukua sheria mkononi. Bora kwanza wapitiwe wanaotaka vyeo vya juu, polisi na mahakama, wengine wabaki kazini kwa muda.

Tena wote mmewatazama watawala wa jana. Wa leo je? Mkataba wa amani wa Liberia wa 2003 uliwakataza mwenyekiti, makamu wake na mawaziri wa serikali ya mpito kugombea uchaguzi wa 2005. Mstari mmoja tu, lakini unabadilisha nani anaitaka kazi hiyo na kwa nini. Pasipo huo, kila ucheleweshaji una mwenye kunufaika nao.

Sudan nayo ni funzo la saa na pesa. Hati ya kikatiba ya Agosti 2019 iliupa mpito miezi 39, ikataka baraza la kutunga sheria liundwe ndani ya siku 90, wanawake wasipungue asilimia 40. Halikuundwa kamwe, na hati haikusema nini kifuate siku ya 91. Kampuni za jeshi zikabaki nje ya mkono wa hazina. Oktoba 2021 yakaja mapinduzi. Kila tarehe unayoiandika iambatane na adhabu yake: baraza lisipoundwa kwa wakati, orodha ya akiba iliyowekwa kwa msajili wa mahakama inaapishwa yenyewe. Na mapato yote yaingie akaunti moja ya hazina, la sivyo utakuwa na serikali mbili, moja ina wajumbe na nyingine ina fedha.

Mpembuzi
Shukrani sana, ile hesabu ya 280 imenitoa jasho. Nimeondoa kifungu cha kadi na kuingiza ngazi ya 90/75. Bado theluthi iliyohama. Wahesabiwe walikotoka au waliko?

Mzee wa Akidi
Kwenye mkutano, walikotoka, wakiwa na fungu lao ndani ya kila mkoa, na walioko kambini wachague wenyewe badala ya kuchaguliwa na uongozi wa kambi. Ukiwahesabu waliko, unaipigia muhuri ramani iliyochorwa na waliowafukuza.

Kwenye uchaguzi, jihadhari na chaguo la tatu. Bosnia 1996 kulikuwa na fomu ya P-2 iliyomruhusu mtu kujiandikisha mahali anapokusudia kuishi. Vyama viliwashinikiza wakimbizi wajaze miji iliyokwisha kumegwa, na ikabidi uchaguzi wa manispaa usogezwe hadi mwaka uliofuata. Mpe mtu chaguo mbili, alikokuwa kabla ya vita au aliko sasa akiwa na ukaazi wa muda uliotajwa kwa miezi. Chaguo aliandike mbele ya karani wa tume, kituo kiwe nje ya kambi, na asiyekuwa na kitambulisho athibitishwe na mashahidi wawili wa eneo lake ambao majina yao yanabandikwa ukutani kwa wiki mbili, apatikane wa kupinga.