BMI 24.2: jedwali moja linasema niko sawa, jingine nimezidi. Nifuate lipi?

Muulizaji: Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu BMI, kile kipimo cha uzito kulingana na urefu. Mwanaume, miaka 38, asili ya Gujarat, India, urefu sm 170, kilo 70. Jedwali la kliniki linaniweka kwenye kawaida kwa kuwa sijafika 25. Kikokotoo cha Uingereza kinasema nimezidi.

mkunazi: Hesabu haina ubishi, ni kilo ukigawanya kwa urefu wa mita mara urefu: 1.70 × 1.70 = 2.89, na 70 ÷ 2.89 = 24.2. Kinachogombana ni mipaka. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa WHO (Shirika la Afya Duniani) lilitoa viwango vya kuchukua hatua kwa watu wa Asia: 23 hatari inapanda, 27.5 hatari ni kubwa. Zile za jumla, 25 (umezidi uzito) na 30 (unene), hazikufutwa, ndiyo maana majedwali yote mawili yangali yanatumika. Kwa urefu wako 23 ni kilo 66.5, 27.5 ni kilo 79.5. Wewe fuata 23.

FundiLishe: Naongezea, Asia si kijiji kimoja. China wanatumia 24 kwa kuzidi uzito na 28 kwa unene; Japani 25 tayari ni unene. Kwa BMI ileile, mwanaume wa Asia Kusini kwa kawaida ana mafuta mengi na misuli kidogo kuliko Mzungu, tena mafuta yenyewe hukaa tumboni na kwenye ini. Ndiyo maana kisukari aina ya 2 kinawahi. Mikono myembamba na kitambi juu yake, mzani hauoni hilo.

Kwa hiyo pima kiuno. Chukua tepu ya fundi cherehani, tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha katikati yake juu ya ngozi. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, soma. Wengi hupima mkanda unapokaa, chini ya kitambi, wakajipa moyo bure. Kwako mpaka ni sm 90, na heri kiuno kisifike nusu ya urefu, yaani 85.

Muulizaji: Nimepata 93.

mkunazi: Basi kapime HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita) au sukari ya kufunga, presha na mafuta ya damu. Punguza kwanza asilimia 5, kilo 3.5, unatua palepale 66.5. Usijinyime chakula tu, utapoteza misuli ambayo tayari ni haba. Fanya mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Mnyanyua vyuma BMI inaweza kumsingizia unene, ila mwenye kiuno cha 93 asijifiche humo.