DAC ya laki nane na ya elfu tisini: sikio linajua tofauti?

Mtu wa Makulu: Wakuu, nina amplifaya ya zamani na spika mbili nzuri. Muziki unatoka kwenye laptopu kupitia tundu la hedifoni, na unakuja na mvumo. Nimetenga laki nane ninunue DAC, kile kifaa kinachogeuza namba za muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya. Duka moja hapa Dodoma mjini wameniambia chini ya hapo ni takataka, lazima iwe na chipu ya ESS Sabre na ifike sampuli 192,000 kwa sekunde. Jirani anasema ya elfu tisini inatosha, mengine ni kuibiwa. Nani mkweli?

Fundi Ipagala: Jirani yako. CD tangu Sony na Philips waitoe 1982 ni biti 16 na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde. Hizo zinabeba sauti mpaka karibu kilohezi 22, na sikio la kijana mzima wa afya linaishia kwenye 20. Sisi wenye mvi hata huko hatufiki. Biti 16 zinakupa kama desibeli 96 kutoka mlio mdogo kabisa hadi mkubwa kabisa, na sebuleni, bodaboda zikipita nje, huzimalizi. DAC ndogo ya leo iliyotengenezwa vizuri, makosa yake sikio halishiki.

Mzee wa Area D: Fundi, unaongea hesabu, mimi naongea masikio. Nilitoa ndogo nikaweka kubwa, matoazi yakafunguka, besi ikakaza. Mama watoto akaniuliza kama nimebadilisha spika. Watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya muziki wa maana wasivunje wenzao moyo.

Fundi Ipagala: Hawajawahi nani, mzee wangu? Nimefunga mitambo kwenye kumbi na makanisa ya mji huu kabla Mtumba haijawa mji wa serikali. Ulizisawazisha sauti kabla ya kulinganisha? Moja ikitoka kubwa hata kwa nusu desibeli, sikio linaiita nzuri. Pima kwa mita, kisha mtu mwingine abadilishe nyaya wewe huoni. Ukizitambua mara kwa mara, nitakubali.

Mzee wa Area D: Sina haja ya mtihani kwenye nyumba yangu.

Kijana wa Kisasa: Mnagombania nini? Nyumba zetu ni tailizi chini na jipsamu juu, sauti inagonga huku na huku. Nunua kapeti na mapazia mazito kwanza. Halafu mwenye mada kama ni hizi marimba na zeze za Kigogo, huo muziki hauna besi, simu inatosha.

Binti Mpwapwa: Rudia hapo kwenye simu. Umewahi kukaa karibu na ilimba, hiyo marimba yetu, ikipigwa? Ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na kila jino likiguswa utando unatetemeka. Ule mkwaruzo juu ya noti ndio ilimba yenyewe. Kwenye simu unasikika kama spika iliyopasuka, ndiyo maana mnadhani ni kelele. Na muheme, ngoma za akina mama, weka kwenye sabufa yako kisha uniambie hakuna besi. Mwanamuziki wetu Hukwe Zawose alitoka Dodoma hii hii, akarekodi na Real World, kampuni ya muziki ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Alifariki 2003, na wapo wanaoishi hapa mjini hawajamsikia hata mara moja.

Kijana wa Kisasa: Dada, punguza jazba. Mimi Mhehe, ninyi ni watani wangu.

Binti Mpwapwa: Utani tuufanye msibani na harusini, nitakujibu vizuri tu. Hapa umesema muziki wetu haustahili chombo kizuri, na kuna watoto wa Kigogo wanasoma hapa.

Mzee wa Area D: Binti amenena. Vitu vyembamba kama huo utando, DAC ya elfu tisini itaviona wapi?

Fundi Ipagala: Itaviona vyote. Kinachoviua ni MP3 iliyobanwa mpaka kilobiti 128 kwa sekunde, ikatumwa WhatsApp, ikapigwa kwa Bluetooth inayobana tena.

Mtu wa Makulu: Jamani, na mvumo wangu?

Fundi Ipagala: Chomoa chaja ya laptopu muziki ukiendelea. Mvumo ukikata, huenda ni mzunguko wa ethi: umeme mdogo unaozunguka kwenye nyaya za ethi kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja uone. Na ujue hiyo ya laki nane ukiiunga kwa USB inaweza kuvuma vilevile, maana waya wa USB nao unapitisha ethi. Waya wa optiki unapitisha mwanga tu. Kama televisheni yako na DAC vina tundu hilo, viunge kwa waya huo, upige muziki wa flashi kwenye televisheni.

Kijana wa Kisasa: Dada Mpwapwa, nimekusoma. Sasa hizo rekodi nzuri mbona ziko Uingereza? Za hapa nizipate wapi?

Mwana Chamwino: Njoo tamasha la muziki wa Cigogo, Chamwino hapa. Sikia kwa masikio yako ndipo urudi kubishana.

Binti Mpwapwa: Hapo ndipo panaponiuma. Watu wanakuja, wanainua simu, muheme ikilia sauti inapasuka, wanarusha hivyohivyo. Wajukuu zetu watakuta hiyo. Mtu wa Makulu, kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni mbili unapata chini ya hiyo laki nane, na DAC ya jirani yako juu yake.

Fundi Ipagala: Naunga mkono. Na hapo nasa kwa biti 24, maana hujui mama atapiga kwa nguvu gani. Acha nafasi ya desibeli 12 juu, sauti isikatike.

Mzee wa Area D: Kumbe 24 ina kazi.

Fundi Ipagala: Kwenye kunasa, mzee wangu, ndiyo.

Kijana wa Kisasa: Mimi gari ninalo, nitabeba watu. Ruhusa ya kurekodi tunaomba kwa nani, kijiji au kikundi?

Binti Mpwapwa: Kikundi. Na nakala ya kwanza wanaachiwa wao, hapohapo, kabla haijaingia kwenye laptopu ya mtu yeyote.