Mbona "chumba" lakini "kiumbe"?

mwanasarufi_K: Tunafundishwa kwamba ki- ikikutana na irabu huwa ch-, na vi- huwa vy-: chama/vyama, chombo/vyombo, chumba/vyumba. Halafu mtu anakutana na kiatu, kiazi, kiungo, kiumbe. Hata choo na kioo hazifuati njia moja. Nimfundisheje mgeni anayeandika "vyatu" na "viombo"?

Bahari: Kwanza atambue ni ki- ipi. Ya mtendwa haigeuki kamwe: nimekiona, nitakiandika. Ya masharti nayo haigeuki: akienda, ukiona. Ya lugha na namna vilevile: Kiarabu, kienyeji. Ya upatanisho kwenye maneno yanayoeleza nomino ndiyo hugeuka: changu, chenye, cheupe, cheusi. Ila mbele ya i, irabu mbili humezana: kingi, kingine (Unguja utasikia "chengine"). Kwa hiyo utata wenyewe uko kwenye nomino tu.

fundi_maneno: Na huko kwenye nomino, historia husaidia kidogo. Kiumbe linatokana na kuumba, kitenzi kilichopoteza konsonanti ya mwanzo. Waganda bado wanasema okubumba kwa kufinyanga. Chumba halihusiani nacho, shina lake ni la nyumba. Lakini historia haimalizi kazi. Tazama chanzo na kianzio: yote mawili yametoka kwenye anza, moja limegeuka, jingine limekataa. Naona maneno yanayoundwa waziwazi kutoka kwenye kitenzi hupenda kuacha ki- ionekane: kielelezo, kiongozi, kiapo. Huo ni mwelekeo, si sheria, na chanzo ndilo la kukukumbusha.

Bahari: Kweli, ndiyo maana kila nomino ifundishwe pamoja na wingi wake, tangu siku ya kwanza. Kisha ahesabu silabi: ki-a-tu ni tatu na mkazo uko kwenye a, akiandika "vyatu" amekula silabi nzima. Cho-mbo ni mbili, "viombo" imeongeza moja.

Tena asidhani kila ch- ni kiambishi. Chai, chumvi na chapati hazina vy-: ni chumvi hii, chapati hizi. Cheti ni neno la kuja, ila limevutwa ndani ya ngeli: vyeti. Chura huwa vyura. Chui hubaki chui.

mwanasarufi_K: Basi orodha yangu naipanga upya kwa jozi: choo/vyoo kando ya kioo/vioo, chanzo/vyanzo kando ya kianzio/vianzio.