Mashine ya kaka ya kunakili kaseti za Super Famicom: nianze na memori, flopi au betri?

Bahati_Kirumba

Habari zenu wakuu. Shikamooni mlionizidi umri.

Nina mashine ya kunakili kaseti za gemu, Super Wild Card, ile ya Taiwan. Inachomekwa kwenye Super Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, pale pa kaseti, halafu yenyewe juu ina tundu la kupokea kaseti halisi, na ina mdomo wa flopi. Ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Juma. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mwaka 1997 alirudi likizo nayo ndani ya begi, kaifunga kwa taulo. Aliinunua bandarini Kaohsiung. Kaka amefariki, huu ni mwaka wa sita. Muda wote huo mashine imekaa juu ya kabati kwa mama, Kirumba, Mwanza. Nyumba yetu iko karibu kabisa na Mwaloni, unyevu wa ziwa unaingia mpaka ndani ya masanduku.

Jumapili nimeishusha. Nimeiwasha kwa adapta ya kuazima, kwenye TV ikaja menyu na chini imeandika megabiti 16. Nikaweka flopi moja, ikakwaruza kama inasaga mchanga, nikazima. Nilipofungua nikakuta betri ndogo ya bluu ya mviringo, imeandikwa 3.6V Ni-Cd, imevuja na pembeni kuna kutu ya kijani. Flopi zipo 31 kwenye kopo la maziwa ya unga.

Mpango wangu ni kuitoa draivu ya flopi na kuweka Gotek, kifaa kinachosoma flashi badala ya flopi (nimeshaagiza kutoka Kariakoo), kisha kuongeza memori ifike megabiti 32 ili ibebe gemu kubwa kama Chrono Trigger. Mimi ni fundi simu hapa Makoroboi, solda naijua, ila vitu vya zamani hivi sijawahi kuvigusa.

Kitu kimoja nisichotaka kukipoteza: kati ya hizo flopi kuna moja ina mwandiko wa kaka, "ZELDA SAVE, USIFUTE". Gemu hilo la Zelda, A Link to the Past, lina nafasi tatu za kuhifadhi mchezo. Ya kwanza aliandika JUMA, ya pili NEEMA, ndugu yetu, ya tatu BAHATI, yaani mimi. Kila usiku kabla ya kuzima alikuwa anazihamishia kwenye flopi hiyo, maana umeme ulikuwa haueleweki.

Nianze na kipi? Naomba kuwasilisha.

Gemu_Buzuruga

Pole kwa msiba wa kaka, mkuu. Ushauri wangu ni mfupi: nunua kaseti ya kisasa ya kadi ya SD kama EverDrive, weka gemu zako zote, hiyo mashine ipumzike. Utahangaika na kutu mwaka mzima.

Fundi_Redio_Igoma

Marahaba Bahati, na pole mdogo wangu. Hapo juu kijana amesema kweli kwa mtu anayetaka kucheza tu. Wewe hutaki kucheza tu. EverDrive haina mdomo wa flopi.

Usiiwashe tena. Adapta ya kuazima inanitia hofu kuliko hiyo kutu. Super Famicom ya Japani inataka DC volti 10, miliampea 850, na katikati ya plagi ni hasi, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa mjini. Ile ya asili imeandikwa 100V, ukiichomeka kwenye 230 yetu imekwisha. Tafuta DC ya volti 9 au 10, ampea moja na zaidi, pima kwa mita uone hasi iko katikati ndipo uiguse mashine. Ndani kuna regyuleta ya 7805 inayoshusha mpaka volti 5, hivyo 9 inatosha. Usiweke adapta ya AC hata kama plagi inaingia.

Sasa betri, maana ndiyo inayokula bodi wakati tunaandika hapa. Nina zaidi ya miaka ishirini natengeneza redio na TV, na mizani za kidijitali za wauza samaki hapo Mwaloni nimezifungua nyingi. Ugonjwa ni huu huu. Uchafu wa Ni-Cd ni wa magadi, si wa asidi, kwa hiyo unatulizwa na siki nyeupe au maji ya ndimu. Kata betri kwa mkasi wa waya, usiivute. Pitisha siki kwa pamba mpaka ikome kutoa mapovu, suuza kwa maji safi kidogo, kisha spiriti ya isopropili na mswaki laini, halafu acha ikauke siku nzima. Baada ya hapo fuata njia moja moja za shaba kwa mita. Kutu inatembea chini ya ile rangi ya kijani ya bodi, juu unaona pazima na chini pamekatika. Palipokatika vusha waya mwembamba.

Kumbuka hiyo betri inalisha ile memori ndogo inayotunza sevu mashine ikizimwa. Memori kubwa, hizo megabiti 16, haina betri, umeme ukikata gemu lote limetoka. Yaliyokuwa kwenye ile ndogo yameshapotea zamani, usijilaumu. Kilichobaki kipo kwenye flopi, na ndiyo maana nakuomba flopi uzishughulikie kabla ya Gotek, kabla ya memori, kabla ya chochote. Sehemu hiyo nawaachia wanaoijua kuliko mimi.

Memori iwe ya mwisho. Watu wanachanganya megabiti na megabaiti: megabiti 8 ni megabaiti moja. Zelda ni megabiti 8, Super Mario World 4, Street Fighter II ni 16. Zote hizo mashine yako inazibeba ilivyo. Super Metroid ni 24 na Chrono Trigger 32, hizo ndizo zinazokudai. Soma namba za chipu. Zikiwa nne za 514400, kila moja megabiti 4, ndiyo hiyo 16 uliyoiona.

Mama_Flopi_Bukoba

Mwangaluka Mwanza! Mimi ni Mhaya, lakini nilisoma hapo kwenu.

Bahati, ule mkwaruzo ni ukungu. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaujua kwenye picha na kwenye kanda, na flopi nazo hivyo hivyo. Sukuma kile kibati cha flopi uangalie sahani ya ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe kama unga, usiiweke kwenye mashine yoyote. Inakwaruza sahani, inachafua vichwa vya kusomea, na vichwa vichafu vinaharibu flopi inayofuata iliyokuwa nzima.

Kwanza kabisa, flopi zote 31, sogeza kile kitufe cha plastiki kwenye kona mpaka tobo lionekane. Hapo haziandikiki tena. Yenye ukungu, izungushe sahani taratibu kwa kidole kutoka kwenye kile chuma cha katikati, na pamba ya masikio yenye isopropili iguse juu na chini kwa wepesi wa kufuta jicho la mtoto. Subiri ikauke.

Pili, usitegemee kile kisomeo cha flopi cha USB cha bei rahisi. Mashine hizi zina tabia ya kuformati flopi kwa megabaiti 1.6 badala ya 1.44, ili megabiti 12 za gemu ziingie kwenye flopi moja. Kisomeo cha USB hakiijui hiyo 1.6. Kitakuambia flopi haijaformatiwa, unataka iformatiwe? Ukibonyeza ndiyo kwenye flopi isiyofungwa, umemfuta kaka. Tafuta kompyuta ya zamani yenye tundu la flopi la pini 34 kwenye bodi yake, au kibao kidogo cha elektroniki kinachoitwa Greaseweazle: unakiunganisha na draivu ya kawaida ya flopi, upande wa pili USB, nacho kinasoma mawimbi ya sumaku yenyewe bila kujali flopi iliformatiwa vipi. Mimi ninacho. Kikihitajika nitakipakia kwenye basi la asubuhi.

Ukishapata nakala, faili la Zelda lipime ukubwa. Megabiti 8 ni baiti 1,048,576, na mashine hizi huongeza kichwa cha baiti 512, hivyo likiwa zima utaona 1,049,088. Pungufu ya hapo rudia kusoma.

Bahati_Kirumba

Asanteni sana, mmenizuia pabaya. Mama wa Bukoba, kweli nilikuwa na kisomeo cha USB mezani.

Mzee, maswali mawili. Betri mpya naweza kuweka CR2032 ya kawaida, ninazo nyingi dukani? Na kaka alikuwa na kaseti halisi ya Super Mario Kart. Nakala yake ipo kwenye flopi lakini tangu utotoni ilikuwa haichezi bila ile kaseti kuchomekwa juu. Tulidhani mashine ni mbovu.

Fundi_Redio_Igoma

Haikuwa mbovu. Kaseti ya Mario Kart ina chipu ya hesabu ndani yake, DSP-1, na flopi inanakili programu tu, chipu hainakiliki. Kaseti ikiwa juu, nakala inaazima chipu hiyo. Star Fox nayo ina Super FX yake. Itunze kaseti hiyo.

CR2032 inafaa, ila sikiliza vizuri. Sehemu hiyo ya bodi inachaji betri kila ukiwasha, na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba ikapasuka. Weka diodi ya 1N4148 kati ya chanya ya betri na bodi, mstari wa diodi uelekee kwenye bodi. Umeme utatoka tu, hautarudi. Diodi itakula kama volti 0.6, utabaki na 2.4 hivi, na memori za aina hiyo kwa kawaida zinashikilia mpaka volti 2. Tumia kishikio cha betri, usiilehemu betri yenyewe, ili siku ya kubadilisha usihitaji solda. Na iweke mbali na bodi, kwa waya.

Gotek ikifika usitumie programu iliyokuja nayo, inajua 1.44 peke yake. Weka FlashFloppy, halafu kwenye faili la IMG.CFG uieleze hiyo 1.6: treki 80, pande 2, sekta 20, kila sekta baiti 512. Zidisha mwenyewe utapata 1,638,400. Jampa, kile kifuniko kidogo cha pini nyuma ya Gotek, ianze S0, ikikataa hamisha S1. Taa ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, waya bapa umeuchomeka kichwa chini. Draivu ya zamani usiitupe.

Bahati_Kirumba

Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi na moja.

Betri imetoka, siki imefanya kazi. Njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika, moja ilikuwa chini ya rangi kabisa kama mzee alivyosema, nisingeiona kwa macho. Nimevusha waya. CR2032 ipo kwenye kishikio pembeni, na diodi yake.

Greaseweazle ilifika Jumatano na basi la Bukoba, na ndani ya boksi kulikuwa na senene. Mama, Mungu akubariki. Flopi 31: zilizosomeka bila shida 19, zilizosomeka baada ya kufutwa 8, nne zimegoma. Ile ya "USIFUTE" ilikuwa na madoa upande mmoja. Nimeifuta mara tatu, mikono inatetemeka, na mara ya tatu ikasoma mpaka mwisho. Zelda ilikuwa kwenye flopi yake nyingine, baiti 1,049,088 kamili. Nimeweka nakala kwenye flashi mbili, moja nakaa nayo mimi, moja nimempa mama afungie na vyeti vya nyumba.

Gotek ilikubali kwa S1. Jana saa mbili usiku nimeiwasha kwa mama, sebuleni, kwenye TV. Nikapakia gemu, nikapakia sevu, ikaja ile orodha. JUMA ana mioyo 17 ya uhai. NEEMA mioyo 9. BAHATI mitatu, yaani ndiyo kwanza naanza. Nakumbuka alikuwa ananiachia rimoti nikikaribia kulia, kisha anaichukua anapoona nimeshazama kwenye maji.

Mama aliomba nisibonyeze kitu. Amevuta kiti, ameangalia mpaka umeme ulipokatika kama saa tatu na nusu. Uliporudi nikawasha upya, nikapakia tena kutoka Gotek, majina yote matatu yapo. Neema yuko Sengerema, Jumamosi anavuka kwa daraja na watoto wake. Nafasi ya kaka hakuna atakayeigusa. Mimi nitaendelea na yangu kutoka kwenye mioyo mitatu.

Mzee, chipu nimezisoma: ni nne, 514400, na pembeni kuna nafasi nne tupu zenye matobo yaliyojaa solda. Jumatatu naweza kuja nayo Igoma tuiangalie pamoja?

Fundi_Redio_Igoma

Njoo saa nne, kabla jua halijaingia dirishani kwangu. Njoo na ile draivu ya flopi pia, niisafishe vichwa.