Refuse, deny, reject, decline: "kukataa" ipi naandika kwenye ripoti?

Karani wa Yadi: Habari wakuu. Nipo kampuni ya usafirishaji, ripoti zetu ni za Kiingereza. Kesho napeleka ya dereva anayetuhumiwa kunyonya dizeli. Tuhuma kazikataa, na fomu ya maelezo kakataa kusaini. Kwenye kamusi maneno yote manne yana "kataa". Nishike lipi? Ajira ya mtu iko hapo, sitaki kubahatisha.

Mzigo Mzito: Weka "refuse" kote, bosi ataelewa tu.

Mwalimu Mstaafu: Hapana ndugu yangu. "He refused to steal diesel" maana yake aliambiwa aibe, akagoma. "He denied stealing diesel" ndiyo kakana tuhuma. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa!

Jaribu hivi: pale unapoweza kusema "kukana", andika deny, unapoweza kusema "kugoma", andika refuse. Tazama na kinachofuata. Refuse inachukua "to": refused to sign. Kwa maana ya kukana, usiandike "denied to steal". Ni denied stealing, au denied that he stole.

Reject iache, hiyo ni ya kitu kilicholetwa kikarudishwa: maombi ya kazi, mzigo mbovu.

Mama Wawili: Nami niulize, mtu akininyima likizo?

Mwalimu Mstaafu: Deny hiyohiyo, mama: "I was denied leave." Ikifuatiwa na mtu au haki yake, inakuwa kunyima. Tafuteni Oxford Advanced Learner's Dictionary, ina sentensi za mfano. Kamusi ya kutafsiri peke yake haitoshi.

Binti wa Habari: Karani, kwenye kusaini usikimbilie refused. Decline nayo inachukua "to". Magazeti huandika "declined to comment" kila siku. Refused inamwonyesha mtu mkaidi, declined kakataa kwa ustaarabu. Alisemaje hasa?

Karani wa Yadi: Alisema atasaini mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwepo.

Binti wa Habari: Basi huyo hajagoma. Andika: "He denied stealing the diesel. He declined to sign the form until his union representative was present." Sababu yake usiitenge na sentensi hiyo, anayesoma aione palepale.

Mwalimu Mstaafu: Naunga mkono. Peleka hivyo hivyo.