MREJESHO: Dogo akipandisha video, nyumba nzima inakwama

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini dogo akianza kupandisha video, simu zangu za WhatsApp zinakatikakatika wakati laini ya intaneti ina megabiti 20 kwa sekunde kushuka na 10 kupanda. Mlioniambia niongeze kifurushi, mngenitia hasara bure.

Tatizo lilikuwa foleni. Modemu inarundika pakiti (vipande vya data) za video, na kipakiti cha sauti kinasubiri nyuma kama mtoto aliyetumwa kiberiti akakuta mteja wa jumla dukani. Nimeweka OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) kwenye ruta yangu ya zamani, nikawasha SQM, yaani kipengele chake cha kusimamia foleni, kwa kutumia mbinu iitwayo CAKE: kila mtiririko wa data, kama video au simu, una foleni yake, na zinahudumiwa kwa zamu. Wazo lenyewe ni la zamani, mtaalamu wa kompyuta John Nagle aliliandika mwaka 1985!

Siku ya kwanza sikuona tofauti. Kosa langu: kwenye SQM niliacha kasi ya kupandisha kwenye 10 kamili, kwa hiyo rundo likabaki palepale kwenye modemu. Nilipoishusha hadi 9, foleni ikahamia kwenye ruta, na pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikatoka milisekunde 800 hadi 35, video ikiendelea kupanda. Ruta inachemka kidogo, maana prosesa yake ni dhaifu. Dogo hajagundua chochote.