Wauza betri, acheni kutuuzia betri za gari kwa mota za boti

Wenzangu wa Amu, Malindi na pwani nzima, subira imenishinda.

Mjomba wangu anavua kwa mshipi pembeni mwa mikoko, upande wa Manda. Hori lake la mbao tulilifungia mota ya umeme tezini, ile ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55, apate kuwanyemelea samaki bila kelele wala petroli. Mota haina kasoro hata kidogo. Tatizo ni tulichouziwa cha kuiendeshea.

Kule dukani Malindi nilimweleza muuzaji wazi kabisa: betri ni ya mota ya boti, itatumika mpaka ishuke kisha ichajiwe, kila siku ya Mungu. Akanitolea moja yenye kibandiko cha jua la manjano, kimeandikwa sola, 100, yaani ampea-saa 100, kipimo cha umeme inaouhifadhi. "Chukua hii, mzee atashinda nayo baharini kutwa." Akaipima kwa mita, ikasoma 12.7, eti si unaona imejaa.

Ikavuka Mokowe kwa boti, ikabebwa na punda mpaka nyumbani. Haikupita muda mzee akawa anarudi kwa kafi, maji yanakupwa na mkondo unamvuta nje. Mtu wa umri wake! Juzi unyevu wa chumvi ukaanza kukibandua kile kibandiko, nikakimalizia kwa ukucha. Chini yake nikakuta lebo ya kiwandani: betri ya kuwashia gari, na ampea zake za kuwashia injini kwenye baridi zimeandikwa pale pale. Mtu alikaa akaifunika kwa jua la karatasi. Huo ni wizi, sina jina jingine.

Kwa asiyejua, betri ya kuwashia ina sahani nyingi nyembamba za risasi. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, halafu altaneta, ile jenereta ya injini, inaurudisha. Ukiishusha sana kila siku, sahani zinaharibika upesi. Ya kazi yetu ni dipu saiko, yaani betri ya kushushwa sana na kuchajiwa tena na tena, yenye sahani nene.

Na hata ingekuwa dipu saiko ya kweli, hilo neno "kutwa" ni uongo. Mota ya pauni 55 ukiifungua mpaka mwisho inakula kama ampea 50. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ukitaka idumu, usiishushe chini ya nusu. Zimebaki 50. Ni saa moja hiyo! Tena ile 100 yenyewe hupimwa kwa kuivuta polepole kwa saa 20, yaani ampea 5 tu; ukiivuta kwa 50 hata 100 huipati. Ukienda mwendo wa taratibu utapata muda zaidi, sawa, lakini mkondo wa bamvua huku kwetu haukusubiri uende taratibu. Muuzaji anayajua haya au hayajui? Kama hayajui, anauza nini?

Sijamaliza. Fundi waliyetuelekeza alivuta waya wa milimita mraba 4 kutoka betri iliyoko omo mpaka tezi, mita 3. Kwenda na kurudi ni mita 6. Kwa ampea 50, shaba ya unene huo inapoteza karibu volti 1.4 njiani, ya milimita mraba 16 ingepoteza kama 0.35. Na wala si shaba: nilipoukwaruza kwa kisu ukatoka mweupe, alumini iliyopakwa shaba juu, kwa hiyo upotevu ni mkubwa kuliko hesabu hiyo. Ganda lake limelainika na kukunjamana karibu na kichwa cha betri. Fyuzi hakuna hata moja! Waya ukigusana, betri inamwaga mamia ya ampea ndani ya chombo cha mbao chenye mtu. Fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na betri, pamoja na waya mnene, ingetosha. Tena betri kaifungia ndani ya sanduku lisilo na tundu, na betri hii ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.

Nilipopiga simu dukani nikaambiwa mota yetu ndiyo mbovu. Nilipowatumia picha ya lebo, wakasema betri ikishafika baharini hairudishwi. Sasa wananishawishi niongeze pesa nichukue lithiamu. Lithiamu ni nzuri, sipingi: ya ampea-saa 100 ina kilo 12 hivi, ya risasi hufika 25 hadi 30, na umeme wake unautumia karibu wote. Lakini nikamuuliza muuzaji kidhibiti chake cha ndani kinaruhusu ampea ngapi. Hajui. Kikiruhusu pungufu ya zile 50, kitakata umeme katikati ya mkondo. Na chaja yangu ya betri ya risasi je, itaifaa lithiamu? "Itafaa tu." Itafaa tu!

Nataka pesa zangu zote, na nauli ya kuirudisha. Mwenye betri ya kibandiko kama hicho akibandue, apige picha kilichoko chini aiweke hapa, na aipime uzito. Ya risasi yenye kilo 15 haiwezi kuwa ampea-saa 100. Na kama yuko fundi Amu anayefunga fyuzi bila kuombwa, aniandikie leo hii, maana mzee hajaenda kuvua tangu juzi.